Siku Chairman Oola Alipofuta Kodi za Nyumba

(Uwanja mdogo mbele ya nyumba ya mzee Sifuna, Zoni ya Kitooke, huku chini ya Kansanga, Kampala. Hema limeazimwa kwa watu wa msiba. Viti nusu ni vya kanisa na nusu ni vya baa, na vimechanganywa bila ubaguzi. Nyuma ya jukwaa, kwenye ukuta wa nyumba, yapo maandishi makubwa mekundu ambayo Sifuna aliyapaka mwenyewe kuwafukuza mabroka wanaouza nyumba za watu: NYUMBA HII HAIUZWI. Juu ya maandishi limetundikwa bango la mradi, lenye picha ya nyumba nzuri ambayo paa lake, ukiangalia vizuri, lina mkia. Mwenyekiti wa zoni anashika maikrofoni, anaipuliza, anaigonga kwa pete, anaiuliza kama inasikia. Inasikia.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani na amekuwa njiani tangu asubuhi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye amemtuma dereva, Mheshimiwa Dereva, waheshimiwa wenyeviti wa kamati zote za zoni hii, yaani mimi, Mchungaji, uliyetuombea dua fupi mpaka soda zikapata moto, viongozi wa bodaboda, wa akina mama wa soko, wa chama cha kuzikana na wa chama kilichojitenga na chama cha kuzikana, Katibu wangu Babra, mshika muhuri, ndugu zetu Wakenya, mliokuja kibiashara mkabaki kifamilia, ndugu zetu Wakongomani, mliokuja kwa shida mkabaki kwa bidii, wenyeji wenyewe, mliokuwepo kabla yetu na mnatukumbusha kila siku, mliokaa, mliosimama, mlio juu ya ukuta, shukeni, ukuta ule ni wa mradi, na wewe mbuzi unayekula utepe wa uzinduzi, ambaye mwenye wewe namjua na namwona anajifanya anatazama angani: itifaki imezingatiwa!

(Makofi. Mbuzi anaondolewa. Utepe unakwenda naye.)

Kabla sijaanza, niseme kwamba nimeshaanza. Mimi, kwa wale wageni wawili ambao hawanijui na kwa wale wenyeji ambao hujifanya hawanijui wakinikuta kwa mlango wao, ni Chairman Oola, Sajenti Mstaafu wa Stoo, Mwenyekiti wa Zoni kipindi hiki na, Mungu akipenda na ninyi msipomkatalia, kipindi kijacho, Mlezi wa timu ya mpira ambayo haijafungwa mwaka huu kwa sababu haijacheza, Mwanzilishi na Mratibu Mkuu wa Muda wa Kudumu wa Programu ya Umilikaji wa Makazi kwa Wanunuzi wa Mara ya Kwanza, kwa kifupi PUMAMA. Nikisema PUMAMA, ninyi mnasema?

(Sauti: "Puma nani?")

Mnasema "Hoyee". Tutarudia baadaye mkishakunywa soda.

Nitahutubia kwa Kiswahili. Nimelifikiria jambo hilo kimkakati. Nikisema Kiluganda, Wakongomani watalala. Nikisema Kiingereza, nitalala mimi. Nikisema Kiacholi, nitabaki na mke wangu peke yake, na yeye hotuba hii ameisikia nyumbani mara tatu na akaniambia nipunguze. Kiswahili nilikipata jeshini, upande wa mablanketi, na kwa miaka yote niliyoyalinda yale mablanketi hakuna hata moja lililopotea bila mimi kujua limekwenda wapi.

(Kicheko. Mzee mmoja: "Tunayalalia mpaka leo, afande!")

Sasa, ndugu wananchi, mastekihoda na wadau, leo tunazindua rasmi, kwa maana ya fesi wani ya paileti ya ile rodimapu ambayo niliiwasilisha kwenu mwaka huu, siku ile ya mvua mlipokimbia nikaendelea peke yangu, tunazindua msamaha wa kodi kwa mtu anayenunua nyumba yake ya kwanza ndani ya zoni. Kitaalamu unaitwa insentivu. Insentivu ni nini? Msione haya kuuliza, hata mimi niliuliza. Insentivu ya kodi ni pale serikali inapokuambia: kodi hii uliyokuwa huilipi kwa kujificha, sasa usiilipe kwa ruhusa. Unaona maendeleo? Hulipi vile vile, lakini unatembea kifua mbele.

(Makofi ya kweli. Katikati ya makofi mwanamke mmoja anasimama. Ni Mama Emérence, muuza samaki wa chumvi na sombe ya majani ya muhogo, mpangaji wa chumba kimoja nyuma ya baa tangu alipofika kutoka Butembo. Mkoba ameubana kwapani. "Papa Chairman, mie niko na swali. Ile kodi, inatoka leo, ao tungoje tena?")

Mama Emérence, hilo ni swali zuri, na maswali mazuri huwa tunayaweka mwishoni ili yaendelee kuwa mazuri. Kaa, mama.

("Nimekaa miezi tatu, Papa. Ni wewe njo ulisema nisinunue, ningoje PUMAMA." Kicheko.)

Na umengoja kwa nidhamu, na nidhamu hiyo imeingia kwenye ripoti. Kaa.

Nakuja kwenye takwimu, kwa sababu kiongozi asiye na takwimu ni sawa na mtu anayesema tu. Katika utafiti nilioufanya mwenyewe, kwa mguu, na ilipofika mchana kwa kukaa, nimegundua kwamba asilimia tisini na saba nukta nne ya wapangaji wa zoni hii wanapanga. (Mshangao.) Ndiyo! Hata mimi nilishtuka. Asilimia iliyobaki ni wenye nyumba, na hao nao tukiwachunguza kwa undani tunakuta wamepanga kwa wake zao. Sasa lengo la PUMAMA ni kwamba ifikapo mwisho wa fesi wani, kila mpangaji awe mwenye nyumba. Na ifikapo fesi tuu, kila mwenye nyumba awe na mpangaji. Hao wapangaji watatoka wapi? Watatoka zoni jirani, ambako hawana kiongozi.

(Makofi, na filimbi moja.)

Nimesafiri kwa ajili yenu. Nilikwenda benchimaki, yaani kwenda kuona wenzetu wanafanyaje, nikapanga kufika Nairobi, na kwa sababu za kiufundi za nauli nikafika Busia. Lakini pale Busia sikukaa bure! Nilisimama mpakani nikaangalia upande wa pili kwa makini sana, na nyumba nilizoziona kule nimezihesabu, na nimezileta hapa kichwani. Mtapata nyumba zenye sebule, na pembeni sebule ndogo ya wageni wasiotakiwa. Mtapata maji ambayo yanapanda. Mtapata barabara ambayo ikinyesha haihami. Watu wa Mbuya, pamoja na ulinzi wao wote wa juu ya kilima, wameshaanza kutuonea wivu. Nimewaona wakipita hapa na vioo vya magari vimefungwa, na hiyo ni dalili. Watu wa Kasubi wamenipigia simu. Wamepiga kimakosa, walikuwa wanamtafuta fundi wa mabomba, lakini nimewaeleza kuhusu PUMAMA na hawakukata simu mara moja.

(Sifuna, mwenye nyumba, amesimama kwenye kizingiti chake na begi miguuni. Ni mzee mrefu, fundi seremala, anayerudi kwao Bungoma kupumzika. "Chairman, samahani. Mimi nina basi jioni, na basi halijui insentivu. Huyu mama tumekubaliana bei kitambo, pesa ya nyumba iko. Sisi tunataka kujua kitu kimoja tu.")

Mzee Sifuna, najua, najua, nyumba yako ndiyo nyumba yetu ya mfano, ndiyo maana tumeiwekea bango. Na kama ungenisikiliza ukafuta hayo maandishi yako, picha zetu zingetoka vizuri. Mtu anazindua mradi wa kununua nyumba, nyuma yake ukuta unasema NYUMBA HII HAIUZWI! Hii si picha, ni kesi. Nilikuomba kwa heshima, ukaniambia utafuta siku itakapouzwa.

("Na sijabadilisha, Chairman. Niiache wazi huku bado ni yangu, mabroka waiuze mimi nikiwa kwa choo?" Kicheko. Broka wa shati la zambarau, ambaye amejibanza kwenye nguzo ya hema akitafuna kijiti, hacheki. Anamsogelea Sifuna, anasema bila kunong'ona sana: "Mzee, achana na mambo ya kungoja. Mimi nanunua leo, na chai ya muhuri natoa mwenyewe.")

Nyie huko mlangoni, msifanye mkutano ndani ya mkutano. Nimesikia neno "muhuri" na naomba nilifafanue, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotea. Ni kweli, tangu enzi na enzi, mtu akinunua nyumba hapa, au kibanja, yaani kiwanja kidogo, au hata choo cha pamoja, karatasi ya mauzo haina nguvu mpaka majirani waweke saini kama mashahidi na Mwenyekiti agonge muhuri. Na ni kweli kwamba mnunuzi humpa Mwenyekiti fungu fulani katika ile bei. Lakini hiyo si kodi, ndugu zangu! Kodi ni ile ya ofisi za juu. Hii ya kwangu ni adabu. Ni asante inayotolewa kabla ya kazi.

(Wanatazamana watu wanaojua bei ya adabu. Mama Emérence: "Papa, bei ya nyumba niko nayo. Ni ile adabu njo sina." Kicheko kikubwa. Mchungaji anainamia viatu vyake.)

Haya, haya. Tuendelee na kipengele cha ushirikishwaji wa jamii, ambacho ndicho uti wa mgongo wa PUMAMA, na mimi ndiye kichwa. Wataalamu wanasema mradi usioshirikisha jamii hufa. Sisi tumeishirikisha. Jumamosi ile ya bulungi bwansi, ile kazi yetu ya pamoja ya zoni, nani alizibua mtaro uliokuwa unaingiza maji vyumbani kwa watu? Jamii! Nani aliondoa ule mlima wa takataka uliokuwa umeanza kupata jina lake? Jamii! Nani alileta majembe, nani alileta rangi, nani alipika uji, nani aliazima hema, viti, jenereta na utepe, Mungu aurehemu? Jamii, jamii, jamii! Na nani alitoa mwongozo, akiwa amesimama mahali ambapo kila mtu alimwona? Kwa hiyo tukipiga hesabu, jamii imeshiriki asilimia mia moja, ofisi yangu imeshiriki asilimia mia moja, jumla mia mbili. Mradi umevuka lengo kabla haujaanza!

(Makofi. Mtu: "Hiyo hesabu ya stoo!" Kicheko. Mwenyekiti mwenyewe anacheka kidogo, halafu anakumbuka cheo.)

Na sasa, Moreen, binti yangu, wewe wa habari za mtandaoni, uko tayari? Simu ina chaji?

(Moreen, mwenye ukurasa wa habari za mtaa, amepanda juu ya kreti la soda. "Uko laivu, Chairman. Watu wanakuona mpaka Nairobi. Butembo pia. Wanauliza hiyo nyumba ina mkia ni ya nani.")

Wasalimie! Nawasalimu nyote mlioko huko diaspora! Mkia mtaelezwa. Sasa nataka niionyeshe dunia mnufaika wa kwanza, mnufaika hai, anayepumua, ili asije mtu kusema Oola anaongea hewa. Mama Emérence, njoo jukwaani. Mzee Sifuna, njoo na wewe, lete karatasi yenu ya mauzo. Simameni hapa, mama kushoto, mzee kulia, mimi mbele. Mama, tabasamu. Si hivyo, hilo ni tabasamu la soko. Vizuri.

Dunia nzima, tazameni! Huyu mama amelala chumba kimoja nyuma ya baa, akisikia muziki ambao hakuuchagua. Leo ananunua nyumba. Na mimi, Chairman Oola, nasimama mbele ya macho yenu natamka kwamba mwananchi huyu, na kila mwananchi wa Zoni ya Kitooke anayenunua nyumba yake ya kwanza, kodi yoyote inayomhusu, ya juu, ya chini, ya kulia, ya kushoto, inayojulikana na inayotafutwa, leo nimeifuta! Nimeifuta! Nimeifuta kabisa!

(Vigelegele. Kofia zinarushwa. Halafu Mama Emérence anaivuta maikrofoni kwake, polepole, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu. "Aksanti, Papa Chairman. Na ile ya muhuri?")

Ile ya muhuri...

("Umesema yoyote," anasema Sifuna. "Ya chini!" unaitikia umati. "Umesema ya chini, ssebo!" Moreen kutoka juu ya kreti: "Chairman, watu wanakuandikia mioyo. Mioyo mingi!")

Mioyo mingi? Mingi kiasi gani? ... Ndugu wananchi. Nilipokuwa najiandaa kwa hotuba hii niliwaza sana juu ya hiyo ya muhuri. Niliwaza kwa uchungu, si uchungu wa kawaida. Na kwa kuwa uchaguzi uko karibu, yaani, kwa kuwa maendeleo yako karibu, natamka kwamba... hata... ya muhuri. Babra! Gonga.

(Babra, katibu, mwanamke asiyecheka kazini, anamtazama. "Chairman, nigonge bure?" "Gonga kabla sijafikiri!" Anafungua pochi ya muhuri, anaupuliza, anagonga. Pu! Majirani wanasukumana kuweka saini ya ushahidi. Mama Emérence anaufungua mkoba, bahasha ya bei ya nyumba inakwenda kwa Sifuna, ufunguo unakuja kwake. Broka wa shati la zambarau anatupa kijiti. Wanawake wa samaki wanapiga vigelegele mpaka jenereta haisikiki.)

Asanteni. Asanteni, inatosha. Sasa niweke angalizo la kitaalamu. Hili lililotokea ni paileti. Paileti maana yake ni kitu kinachofanyika kidogo halafu kinaachwa. Kwa hiyo msamaha huu wa muhuri una muda maalumu: unadumu kwa muda wote ambao mimi nitakuwa juu ya jukwaa hili nikihutubia. Nikishuka, umekwisha, tunarudi kwenye adabu. Na kwa bahati nzuri nilikuwa nimefika mwishoni, kwa hiyo kwa maneno hayo machache naomba...

("Endelea, Chairman!")

Nani amesema hivyo?

("Endelea! Hotuba tamu, banange! Endelea!" Watu ambao mwaka mzima wamekuwa wakimwomba akae chini wanasimama juu ya viti kumwomba asikae. Na nyuma yake, mbele ya meza ya Babra, kuna kitu kinajipanga. Ni foleni. Karatasi za mauzo zinatoka kwenye Biblia, kwenye soksi, kwenye sidiria, chini ya kofia: vibanja vilivyonunuliwa zamani na kukosa muhuri kwa sababu ya adabu.)

Naona mmeguswa. Kwa kweli sijawahi kuona zoni iliyoguswa namna hii. Basi, kwa heshima yenu, niongeze jambo moja dogo kuhusu... (Pu!) ... kuhusu umuhimu wa paa. Nyumba bila paa ni ukuta. (Pu! Pu!) Babra, unafanya nini huko nyuma?

("Natekeleza sera, Chairman.")

Punguza mwendo wa utekelezaji. Ndugu zangu, naona koo langu limekauka, na daktari alinikataza...

(Soda inakuja. Ya pili inakuja. Mtu anamletea kiti akae huku akihutubia. Mchungaji, na karatasi yake ya nyumba ya nyuma ya kanisa mkononi, anapaza sauti kutoka kwenye foleni: "Mtumishi, tueleze utoto wako!")

Utoto wangu? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza utoto wangu. Nilizaliwa, kama ilivyo desturi... (Pu!) ... lakini hapana, hapana, huu ni mtego. Ninyi hamtaki utoto wangu. Wewe Kasereka kinyozi, ulinunua kibanja chako mwaka gani, mbona unaleta karatasi leo?

("Papa, nilikuwa nangoja hotuba nzuri.")

Hotuba nzuri. Hm. Unakubali kwamba ni nzuri? Sema karibu na simu ya Moreen. Rudia. Asante.

(Pu! Pu! Pu! Mwenyekiti anageuka nyuma, anaiona foleni imefika kwenye mtaro, anageuka mbele, anaiona mioyo kwenye simu ya Moreen. Anafuta jasho kwa bendera ndogo ya mezani.)

Sasa nafunga, na msiponiacha nitafunga kwa nguvu. Natoa shukrani. Kwanza naushukuru umma kwa ukarimu wake. Nawashukuru watu wa msiba kwa hema. Marehemu alikuwa mtu mkubwa, na kivuli chake tumekiona. Namshukuru fundi wa bango, ambaye alilichukua lile bango letu la Mradi wa Mabwawa ya Samaki la mwaka juzi, akamfuta samaki, akachora nyumba.

("Mkia umebaki!")

Mkia umebaki kwa sababu rangi ya jamii iliisha. Nawashukuru wakuu wa kodi huko juu, ambao kwa kutojua lolote kuhusu mradi huu hawakuupinga. Nawashukuru waheshimiwa watunga sheria kwa kutoujadili muswada ambao sikuwapelekea. Namshukuru Mgeni Rasmi, ambaye hakualikwa, na kwa hiyo hakutuangusha. Namshukuru yule mtu aliyejitolea kuwa Mheshimiwa Dereva. Endelea na biashara yako ya chapati, ndugu. Na zaidi ya wote namshukuru bwana arusi wa ile arusi ya Pasaka, kwa sababu pale ndipo PUMAMA ilipozaliwa. Nilikuwa nimekula, nimeshiba, nikapewa maikrofoni nisalimie, na badala ya kusalimia nikajisikia nasema kwamba kodi za nyumba zitafutwa. Watu wakapiga makofi. Ndugu zangu, ninyi hamjawahi kupigiwa makofi ya namna ile, hamwezi kujua. Kesho yake nikaulizwa uzinduzi ni lini. Hakukuwa na ofisi, hakukuwa na faili, hakukuwa na fungu, hakukuwa na sheria, na mpaka dakika hii ninayosimama hapa hakuna, na ndiyo maana PUMAMA ni mradi pekee katika historia ya zoni hii ambao hakuna senti yake hata moja iliyoliwa!

(Kicheko kinaanzia kwa wanawake wa samaki, kinapita hema zima, kinafika kwenye foleni. "Umefuta kodi gani sasa, Chairman?" anauliza mzee wa blanketi. Babra, bila kuinua kichwa: "Ya kwake." Pu!)

Ndiyo. Kwa tathmini ya haraka, inaonekana kodi iliyofutwa leo katika Zoni ya Kitooke ni moja, na ni ile niliyokuwa nakula mimi. Ripoti kamili nitaiandika nikipata nguvu. PUMAMA!

("Bure!")

Nyumba kwanza!

("Adabu baadaye!")

Mwenyekiti!

("Endelea!")

Siendelei! Nashuka. Mnaniona, mguu wa kwanza huu, nashuka. Babra, funga pochi. Na jambo la mwisho kabisa, kwa ajili ya picha ya pamoja, kwa kuwa nyumba hii sasa imeuzwa na mbele ya mashahidi wote: mzee Sifuna, kimbilia basi lako, wasalimie Bungoma, na nyie vijana, chukueni ile ndoo ya rangi, futeni hayo maandishi ukutani kama tulivyokubaliana.

(Vijana wanachukua ndoo. Sifuna, begi begani, anasimama kidogo kuangalia. Lakini Mama Emérence ameshafika ukutani kabla yao. Anasimama mbele ya yale maneno mekundu, ufunguo umening'inia kidoleni, anamtazama broka wa shati la zambarau, halafu anamtazama Mwenyekiti. "Ache ivyo ivyo, Papa Chairman. Ile siku zote yalikuwa uongo. Leo njo yamekuwa kweli.")

... Haya. Acheni ndoo chini. Moreen, piga picha ilivyo, na ukuta uonekane wote, mama akiwa katikati, na mimi pembeni kidogo, lakini si pembeni sana.

Itifaki imezingatiwa.